Corolla 100 iliyoishiwa pumzi Kitonga

Gari ilifika gereji kwangu Ipogolo ikitembea yenyewe. Haikuwa na mtikisiko, haikutoa moshi, sailensi, yaani injini ikiunguruma gari imesimama, imetulia kama saa ya ukutani. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hapa Iringa, wanawe wako Dar, kwa hiyo barabara ya kwenda huko, pamoja na mlima mkali wa Kitonga, anaijua kona kwa kona. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza.

"Fundi," akasema, "gari hii ina ugonjwa wa Kitonga."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ni Toyota Corolla AE100, ile tunayoiita Corolla 100, ya mwaka 1993, injini ya 5A-FE yenye cc 1498, gia za mkono. Siyo gari ya kabureta, lakini siyo ya kisasa pia. Pampu ya mafuta imezama ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Inasukuma mafuta kwa bomba la chuma mpaka kwenye filta iliyo chumba cha injini, kisha kwenye reli, yaani bomba fupi linalolisha injekta nne zinazonyunyizia injini mafuta. Mwisho wa reli kuna regyuleta inayobana ili presha isishuke, na kinachozidi kinarudi tangini kwa bomba la pili. Kompyuta ndiyo inaamua injekta ifunguke kwa muda gani, ila presha yenyewe haiioni. Hakuna sensa inayoipima. Kompyuta inaamini tu kwamba ipo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Anatoka Dar asubuhi, Morogoro anapita vizuri, Mikumi anapita vizuri. Akishavuka Ruaha Mbuyuni, jua la saa saba au saa nane, anaanza kupanda Kitonga na gia namba mbili, mguu uko chini kabisa, na gari inaanza kulegea. Haikati ghafla. Inapungua, inakohoa, inajivuta, mwisho inazima, na nyuma yake kuna semi za Zambia zinapiga honi. Akifungua boneti akasubiri dakika ishirini, inawaka, inapanda kona tatu nne, inazima tena. Akifika Ilula, ambako kuna ubaridi, gari inakuwa nzima kama haijawahi kuugua. Safari ya mwisho ilimzimia hata kabla ya Kitonga, katikati ya hifadhi ya Mikumi, akakaa ndani na vioo vimefungwa huku nyani wakimkagua.

Nikamuuliza nani ameishika kabla yangu. Walikuwa watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi, waya zake na kifuniko cha distributa. Wa pili aliosha throto na kubadilisha filta ya mafuta. Wa tatu, huko Dar, alibadilisha koili. Na kabla ya hao wote, mwezi wa nne, pampu ilikufa kabisa ikawekwa nyingine ya mtumba. Ugonjwa wa Kitonga ulianza mwezi wa tisa. Kwangu alikuja mwezi wa kumi na moja, wakati joto la bonde lile limekolea.

Hapa niseme wazi kosa langu, maana ndilo lililonipotezea siku nzima. Niliposikia "pampu imebadilishwa" niliitoa kwenye orodha ya washukiwa, kama walivyoitoa wenzangu watatu. Mtu akibadilishiwa pampu mwezi wa nne, mwezi wa kumi na moja unaangalia kwingine. Hakuna aliyejiuliza kwamba kabla ya mwezi wa nne gari ilikuwa inapanda Kitonga bila shida.

Kuna jambo lingine alilolitaja Mwalimu kwa kupita tu, nami nikalipita: asubuhi gari ilikuwa inataka stata ndefu, au apige mara mbili tatu ndipo iwake. "Ni uzee," akasema. Nikakubali kwamba ni uzee.

Halafu kuna hadithi ya kifuniko cha tangi. Mwezi wa tisa, gari ilipozima mara ya kwanza, dereva mmoja wa lori alimwambia afungue kifuniko cha mafuta. Alipofungua, pshhh. Dereva akamwambia tangi halipumui, linajivuta, ndiyo maana mafuta hayaji. Mwalimu akaanza kusafiri kifuniko kikiwa kimelegezwa, na safari mbili zikapita salama. Akaamini amepona. Nilipomuuliza safari hizo mbili alipita Kitonga saa ngapi, alifikiri kidogo akasema ya kwanza ilikuwa saa tatu usiku, ya pili alfajiri. Basi kilichomponya kilikuwa baridi.

Hata hivyo nililipima hilo, kwa sababu tangi lisilopumua ni ugonjwa wa kweli kwenye magari ya zamani. Ila pshhh peke yake haisemi kitu, unatakiwa kujua upepo unaingia au unatoka. Kwenye joto petroli inatoa mvuke, tangi linajaa, ukifungua upepo unatoka nje, na hiyo ni kawaida kabisa. Tangi linalojivuta linanyonya upepo ndani. Tulizungusha gari mjini nusu saa, nikalegeza kifuniko huku nimeweka kiganja juu ya mdomo wa bomba. Kiganja kilisukumwa. Kifuniko hakina kosa.

Sasa fikiria Kitonga kwa jicho la fundi. Mlima mkali: injini inadai mafuta mengi kuliko popote njiani. Joto: bonde lile lina jua ambalo Iringa hatulijui. Na tangi: Mwalimu anajaza Dar, kwa hiyo akifika chini ya mlima geji inasoma robo au chini ya hapo. Mambo matatu yanakutana kwenye kilomita chache zilezile, na kila aliyeambiwa "inazima Kitonga" alisikia mlima tu. Akitoka Iringa kwenda Dar hapati tabu, kwa sababu Kitonga anaishuka, na tangi linakuwa limejaa.

Ile namna ya kulegea nayo inasema kitu. Koili au igniter ikichemka ikakata cheche, gari inakata kama umezima swichi. Mafuta yakipungua, gari inafifia kama koroboi inayoishiwa. Siyo sheria ya Musa, nimeshaona koili inayofifia, lakini inakupa pa kuanzia.

Nilianza kwa kusoma kumbukumbu za kompyuta. Kwenye gari hii huhitaji mashine. Kuna kiboksi cha matundu ya kupimia karibu na injini, unaunga tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ilikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, maana yake haina kosa iliyolihifadhi. Wengi wangeishia hapo na kusema gari ni nzima. Lakini kompyuta isiyopima presha ya mafuta itakuambiaje kwamba presha imeshuka?

Ndipo nikatoa geji. Kwa mafundi vijana wanaosoma hapa: geji ya presha ya mafuta siyo anasa. Mwalimu huyu mteja wangu alikuwa ametumia kwenye plagi, koili na filta pesa ambazo zingenunua geji na chenji ikabaki. Niliifunga kwenye boliti ya juu ya filta, nikatumia gasketi mpya za boliti hiyo pande zote mbili, maana ukirudishia za zamani zitavuja juu ya injini ya moto. Halafu kwenye kile kiboksi nikaunga +B na FP, pampu ikaunguruma bila injini kuwaka.

Kwa 5A-FE, presha ukiwa umechomoa mpira mdogo unaoipelekea regyuleta vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, inatakiwa kati ya baa 2.7 na 3 (baa ni kipimo cha presha). Ukiwa umeurudisha, injini iko sailensi, inashuka kati ya 2.1 na 2.6. Nilipata 2.8 na 2.3. Ndani ya ule mpira hapakuwa na harufu ya petroli wala unyevu, kwa hiyo ngozi ya regyuleta haijatoboka. Nikabana kwa sekunde mbili mpira wa bomba la kurudishia, nione pampu ina nguvu kiasi gani ikizibiwa njia. Ikafika 3.9. Pampu nzima ingefika juu zaidi, lakini nikajisemea ni pampu ya mtumba, inatosha.

Nikaweka mita mahali pa kile kipande cha waya, kati ya +B na FP, ili nisome umeme unaoliwa na pampu: ampea 3.6. Nikazima. Kitabu kinataka baada ya dakika tano presha isiwe chini ya baa 1.5. Ilikuwa 0.9. Hapo ndipo ile stata ndefu ya asubuhi ilipokuwa inazungumza nami, na mimi nikaijibu, "Vali ya pampu ya mtumba." Nikaandika namba zote kwenye daftari. Daftari ndilo lililoniokoa, siyo akili.

Jioni ile sikuwa na kosa lolote mkononi. Iringa iko juu kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa jioni unauma. Gari ya Mwalimu ilipanda kutoka Ipogolo hadi mjini kama mbuzi. Nikamwambia, "Mwalimu, ugonjwa wa Kitonga utapimwa Kitonga."

Siku ya pili tulipunguza mafuta hadi robo, kwa makusudi, tukashuka yeye, mimi na kijana wangu. Geji niliibandika kwenye kioo cha mbele kwa nje, mpira wake umepitia ukingoni mwa boneti. Kwa nje, narudia. Nimewahi kuona mtu ameingiza mpira wenye petroli ya presha ndani ya gari apate kusoma vizuri, na sikukubali kupanda. Kutoka kwenye soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma nilivuta waya mbili nyembamba mpaka kwenye mita mapajani mwangu, nisome volti zinazoifikia pampu gari ikiwa inatembea. Usukani nilimwachia Mwalimu, yeye ndiye anayemjua mgonjwa.

Tulifika mpaka bondeni, tukazurura kama saa moja kwenye joto, tukageuza. Niligusa tangi kwa chini: moto. Mfumo huu wa kurudisha mafuta unayazungusha mpaka kwenye injini na kuyaleta tena, kila mzunguko yanabeba joto. Tangi likijaa, joto hilo linagawanywa kwenye lita nyingi. Likiwa robo, mafuta yaleyale machache yanapita jikoni tena na tena.

Mlima ukaanza. Gia namba mbili, mguu chini. Kwa mguu chini vakyumu inakwisha, kwa hiyo nilitarajia baa 2.8. Geji ilisoma 2.6. Kona ya pili, 2.2. Mita ya umeme: volti 13.2, haikutikisika. Nikamwambia Mwalimu aendelee tu asiache mguu. 1.9. 1.7. Kwenye 1.5 gari ikaanza kile kikohozi, na Mwalimu akasema, kwa furaha ambayo sikuitegemea, "Hiyo! Hiyo hapo!"

Tukaipaki pembeni, kijana akaweka matawi nyuma.

Mwalimu alifundisha hisabati, kwa hiyo nilipomweleza kwamba mafuta yanayotoka kwenye injekta hayapungui sawasawa na presha bali kwa kipeuo cha pili chake, alinikatiza na kuifanya hesabu kichwani. Moja nukta tano kwa mbili nukta nane ni kama nusu na kidogo, kipeuo chake ni kama 0.73. "Kwa hiyo inakula robo tatu ya chakula chake, tena hapo kwenye mlima." Ndivyo. Kwenye sailensi injini hii haili hata lita moja kwa saa, na kompyuta inasoma moshi na kurekebisha, hutajua kitu. Ukikanyaga mpaka chini mahitaji yanakaribia lita 30 kwa saa, na hapo kompyuta inaacha kusikiliza moshi, inamwaga kwa jedwali lake ikiamini presha ipo. Gari inaweza kutulia vizuri gereji na ikafa njaa mlimani kwa ugonjwa uleule. Nilichomoa plagi moja: kaure yake ilikuwa nyeupe kama chaki, dalili ya njaa ya mafuta. Nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, kijana akapiga stata, cheche ya bluu, nene. Umeme ukatoka kwenye kesi.

Kilichobaki nilikifanya papo hapo, kabla gari haijapoa. Injini imezimwa, swichi imefunguliwa, pampu nimeiunga kupitia mita kwenye kile kiboksi. Presha: 1.6. Angalia vizuri hapo. Injini haili chochote, injekta zimefungwa, na bado pampu haifikishi 2.8. Kwa hiyo suala siyo tena kwamba mlima unadai mafuta mengi. Nikabana mpira wa kurudishia. Kama regyuleta ndiyo inayopitisha mafuta ovyo, presha ingeruka juu. Ilipanda hadi 1.7 ikakwama.

Hapa ndipo sehemu ninayoipenda. Kwa kubana ule mpira, mafuta hayana pa kwenda kwa mbele. Hayatiririki. Na mafuta yasiyotiririka hayapotezi presha kwenye filta, hata filta iwe imejaa tope, kama vile bomba la nyumbani lililoziba nusu litakavyokupa presha kamili kama hakuna aliyefungua koki. Kwa hiyo filta haina hatia. Na chujio dogo la chini ya pampu halina hatia kwa hoja hiyohiyo. Volti kwenye soketi zilikuwa 12.2 injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo waya, rilei na ethi havina hatia. Ampea zilikuwa 2.7, wakati jana gari ikiwa baridi zilikuwa 3.6. Pampu inayopambana na kizuizi inakula umeme mwingi. Hii ilikuwa inakula kidogo, kama mtu anayesukuma mlango uliokwisha funguka.

Zikabaki mbili tu: pampu imechoka ndani, au mafuta yanatoroka katikati ya pampu na mahali bomba linapotoka tangini. Nje hapakuwa na tone, nililala chini nikaangalia bomba lote. Nikainua kiti cha nyuma, nikafungua skrubu za kifuniko cha sakafuni, nikamwambia kijana aunge pampu, nikainamisha sikio. Chini ya mngurumo wa pampu kulikuwa na sauti nyingine, laini, kama chai inayomiminwa kutoka juu.

Mafuta yalikuwa yanarudi tangini kabla hayajatoka tangini.

Tulisubiri ikapoa, tukapanda taratibu kona kwa kona, tukafika Ipogolo jioni. Tangi halikufunguliwa usiku ule. Asubuhi tulisukuma gari hadi uwanjani mbali na jirani anayechomelea, na mama lishe wetu akahamisha jiko lake upande wa pili bila kuombwa mara mbili, ana akili kuliko wateja wangu wanaokuja na sigara. Presha ya bomba tuliitoa kwa kuchomoa soketi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe. Kisha waya hasi wa betri ukatoka, milango yote ikafunguliwa, ndipo tukagusa boliti za kifuniko cha pampu. Ile robo tangi tuliyoishusha kwa ajili ya kipimo ilitusaidia pia hapa.

Pampu inaning'inia kwenye chuma chake, na kati ya mdomo wake na bomba la kutokea kuna kipande cha mpira, urefu wa kidole cha kati, kimefungwa klipu juu na chini. Hicho ndicho kilichokuwa mhalifu. Kilikuwa kimevimba na kulainika, ukikibonyeza kinabonyea kama bamia iliyoiva sana, na weusi wake unabaki kwenye vidole. Kwa nyuma, karibu na klipu ya chini, upande usioonekana mpaka ukigeuze, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha. Mkononi ulikuwa umejifunga, mtu asingeuona. Nikakikunja kidogo. Ukafunguka kama mdomo wa samaki.

Ubavuni mpira ule umeandikwa kwamba ni wa mafuta, na ni kweli, ila ni wa mafuta yanayopita ndani yake. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa ngozi ya ndani iguse mafuta na ngozi ya nje iguse hewa. Ukiuzamisha tangini, petroli inaanza kuila ngozi ya nje, ambayo haikuandaliwa kwa hilo. Unalainika wiki kwa wiki, na kwa miezi mitano, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, unafika mahali presha ya baa karibu tatu inaupasua. Wa kuzamishwa upo, una alama ya 30R10 ubavuni. Bei yake ni mara nyingi ya ule wa kawaida kwa urefu uleule, na madukani kwetu hauko kila siku. Aliyefunga pampu mwezi wa nne simlaumu sana. Mpira wa zamani huwa umekauka, unavunjika ukiutoa, gari iko wazi, mteja amekaa kwenye benchi, na dukani anapewa mpira ulioandikwa "mafuta". Nani kati yetu angegeuza kusoma namba? Mimi mwenyewe kabla ya kisa hiki nimeshafunga ya namna ile, na sijui magari hayo yako wapi leo.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa huu: asubuhi kwenye baridi mpira unakaza, mpasuko unajifunga, presha inatosha, ila ukizima gari mafuta ya kwenye bomba yanarudi polepole kupitia palepale, ndiyo stata ndefu. Mchana, tangi robo, mafuta ya moto, mpira unalegea na mpasuko unafunguka zaidi kila presha inapousukuma. Ukizima dakika ishirini presha inaisha, mpira unarudi umbo lake, unapata kona tatu za bure. Wapo waliomwambia Mwalimu ni mafuta yanachemka kwenye bomba, wakamshauri afunge kitambaa kibichi kama madereva wa Peugeot za kabureta zamani. Kule kulikuwa na sababu, pampu imefungwa kwenye injini na inavuta mafuta kwa kunyonya. Hapa bomba lote liko chini ya presha, kitambaa kingelowesha boneti tu. Wengine walilaumu mafuta machafu. Tangu EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama za siri za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji siyo ule wa zamani, na hata hivyo petroli mbaya isingejisafisha Ilula.

Mpira tuliagiza mtaa wa Gerezani, Dar, ukaja na basi la usiku. Tulifunga na klipu mpya zisizo na kingo kali, tukabadilisha chujio la chini ya pampu kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, na ringi ya kifuniko pia, maana ya zamani ilikuwa imepoteza umbo. Pampu ileile ya mtumba ikarudi tangini. Presha bila vakyumu, 2.9. Kwa kubana, geji ilipita 5 nikaachia haraka. Ampea 4.2. Baada ya dakika tano za kuzima, 2.2. Nikaweka namba hizi pembeni ya zile za siku ya kwanza, na nikaona aibu kidogo: 3.9 ya kubana na 0.9 ya dakika tano zilikuwa zimekaa pale kwenye karatasi zikiniambia kila kitu kabla hatujachoma lita zote zile za Kitonga. Tulirudi mlimani mara moja tena, saa nane mchana, robo tangi. Geji haikushuka chini ya 2.7 mpaka juu.

Nilimsihi Mwalimu aache tabia ya kusubiri taa ya mafuta, ajaze angalau Morogoro. Akaahidi. Wiki mbili baadaye alipita gereji akitokea Dar, kachafuka vumbi, ana kikapu cha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa ajili yangu. Nilichungulia dashibodi kabla hajazima. Mshale ulikuwa unakaribia E.

"Mwalimu, tulikubaliana nini?"

"Nilikuwa nasahihisha kazi yako," akasema, akazima gari, akahesabu mpaka kumi, akapiga stata. Iliwaka kwa mara moja.